Saa ya Salfa

Kocha wangu wa zamani, kule kambini kwenye milima ya kaskazini, aliniambia mbele ya wenzangu kwamba pwani haitoi mkimbiaji wa marathoni. Hewa nzito, alisema, joto jingi, na watu wenyewe hawana haraka. Wakati huo nilikuwa nimekimbia kwa kulipwa miaka minane, na mtoto wangu alikuwa na miezi saba. Kitanda changu kambini kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine. Nikafunga mizigo, nikambeba mwanangu, nikarudi kusini kwa wazazi wangu Nanyamba na hasira ambayo, nikisema kweli, ilinisaidia kuliko dawa yoyote.

Wakala wangu alikuwa amenipatia nafasi katika mbio moja tu, nje ya nchi, mwezi wa kumi. Nikimaliza ndani ya muda uliowekwa, ninaingia timu ya taifa na mkataba wangu unaendelea. Nikizidisha hata sekunde moja, nakuwa mwanamke aliyewahi kukimbia zamani. Zilikuwa zimebaki wiki kumi na nne.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Nilikuwa nikimaliza swala ya alfajiri najifunga ushungi, navaa viatu na kuingia barabarani kabla jua halijachomoza. Hewa ilikuwa baridi, lami tupu, na saa yangu ya mkononi ilinipa habari njema kila kilomita. Nilimtumia kocha salamu kichwani mwangu kila asubuhi, na si salamu za heri.

Kumbe nilikuwa nimesahau jambo ambalo mtoto wa Nanyamba hapaswi kulisahau. Mwezi wa saba mikorosho inatoa maua, na maua hayo yana adui anayeitwa ubwiriunga, unga mweupe unaoyakausha yote. Dawa yake ni salfa. Nayo hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani ili ishike, na upepo ukiwa haujaamka. Baba alikuwa akibeba mashine yake mgongoni, na majirani wote wakibeba zao, na ikifika saa kumi na mbili kijiji kizima kimefunikwa na vumbi la manjano. Saa yangu na saa ya salfa ilikuwa ileile.

Mtu mwenye akili angebadilisha ratiba. Mimi nililowesha khanga, nikaifunga puani, nikaendelea. Nilifanya hivyo siku tisa. Macho yaliwasha, kifua kikabana, na kwenye kilomita ya nane nilikuwa nasimama kukohoa nimeinama, mikono magotini. Siku ya kumi mama alinipeleka zahanati bila kuniuliza. Mganga alinisikiliza kifua, akasema niache salfa au niache mbio, maana kifua hiki hakitabeba vyote viwili.

Kwenda Msimbati kwa shangazi, ambako hakuna mikorosho mingi, nilikufikiria. Lakini kule ufukweni ni mchanga mtupu, hakuna lami ya kukimbilia, na mtoto alikuwa ananyonya na amemzoea bibi yake. Nikaona nizungumze na baba. Nilimkuta uani ananawa, nyusi zake zimegeuka manjano.

"Baba, huwezi kupuliza jioni?"

"Jioni kuna upepo. Salfa yote inakwenda kwa jirani, nkorosho wangu unabaki na ugonjwa."

"Basi niachie siku tatu kwa wiki."

"Na wenzangu je? Utapita nyumba kwa nyumba kuwaomba?" Akajifuta uso. "Ua likitoka limetoka, mama. Halinisubiri."

"Na mimi hawanisubiri. Sina mwaka mwingine."

Alimwaga maji ya kunawia, halafu akasema, "Unaililia alfajiri tu. Mchana umekukosea nini?"

Nikaona ananidhihaki. Baba yangu si mtu wa dhihaka, lakini siku ile sikutaka kulikumbuka hilo. Niliingia ndani nikalala kwa kisirani, na kesho yake, nilipomaliza swala ya adhuhuri, nikatoka saa saba mchana ili tu aone alichokisema kilivyo cha kipuuzi. Vumbi lilikuwa limeshatua. Hewa ilikuwa safi kabisa.

Jua lilikuwa jambo jingine. Watu husema mwezi wa saba kwetu kuna baridi, lakini saa saba mchana ni saa saba mchana. Kwenye kilomita ya sita nilitapika, nikarudi nikitembea. Barazani kwa jirani walikaa akina mama wakimenya mihogo.

"Dada, kuna anayekufukuza?" mmoja aliuliza.

"Hapana."

"Basi pole. Tulidhani kuna sababu."

Walicheka, nami nikacheka, ingawa nilitamani kulia. Mwendesha bodaboda alisimama mara mbili kunipa lifti ya bure. Mama naye alikataa katakata nimnyonyeshe mtoto maziwa ya jua. Ilinibidi nioge, nikae kivulini mpaka nipoe, ndipo anikabidhi. Nilivumilia yote hayo. Siku ya pili nilifika kilomita ya saba, na wiki iliyofuata kumi na mbili bila kutapika.

Tatizo likabaki maji. Kambini kulikuwa na gari linalofuata nyuma na chupa. Huku nilibeba chupa moja mkononi, na kwenye joto lile haikutosha hata nusu ya njia. Siku moja, wiki ya tano, nilikuwa nimeanza kuona kizunguzungu nilipokuta dumu dogo chini ya mkorosho wa kando ya barabara, kikombe cha plastiki kimefunikwa juu ya kizibo. Ndani kulikuwa na maji yenye chumvi na sukari. Kilomita tano mbele kulikuwa na jingine. Kwenye mkono wa dumu, pale pa kushikia, palikuwa na alama za vidole za manjano.

Baba alikuwa ameamka saa kumi usiku na kubeba mashine hadi saa tatu asubuhi. Mchana ule alipaswa kuwa amelala. Alikuwa ametoka na baiskeli kunipangia maji, kisha akarudi nyumbani na kujifanya anasinzia. Sikumuuliza, naye hakusema. Kuanzia siku hiyo madumu hayakukosekana, na mimi sikukosa siku hata moja.

Mwezi wa kumi nikasafiri. Usiku wa kuamkia mbio waandaaji walitutumia onyo: kesho kutakuwa na joto lisilo la kawaida, kunyweni maji, msione aibu kujitoa. Wenzangu waliguna. Mimi nililala vizuri.

Wasichana wa milimani waliondoka kwa kasi yao, nikawaacha waende. Hadi nusu ya njia sikuwaona. Kwenye kilomita ya thelathini nilianza kuwakuta, mmoja anatembea, mwingine amekaa ukingoni na barafu kichwani. Niliwaonea huruma ya kweli, maana najua wanavyofanya kazi. Kocha wangu wa zamani alikuwa amesimama karibu na meza ya maji. Aliniangalia, akaangalia saa yake, akaniangalia tena. Sikuwa na pumzi ya kumpa maneno niliyomwandalia, na nikaona siyahitaji.

Sikushinda. Nilikuwa wa sita. Lakini muda niliuwahi, kwa sekunde kumi na moja, na nilipouona kwenye ubao nililia mbele ya watu bila kujificha.

Nilipopata simu nilimpigia baba kwanza. Nikamwambia nimepata.

"Jua lilikuwepo?"

"Lilikuwepo, baba. Kali sana."

"Alhamdulillahi." Nikamsikia akivuta kiti. "Huku kupuliza tumemaliza. Ukirudi, alfajiri yote ni yako."

Nikamwambia nitakimbia mchana. Madumu asiyaondoe.