Bakiri Aliushonea Mmea Buibui

Watu wa nyumba yetu hapa Bellevue wakitaka kumcheka Bakiri fundi husema, "Yule aliyeushonea mmea buibui." Wakisema mbele yangu nawafokea. Mimi Zabibu, msusi, chumba changu na chake vimetenganishwa na ukuta mwembamba, na mambo hayo niliyaona kwa macho yangu. Mwenye haki ya kucheka alikuwa mmoja tu, mkewe Tabia, naye alicheka haki yake yote kabla hajaondoka.

Bakiri ni mtu wa Tanga. Alikuja Jozi, yaani Johannesburg, akiwa kijana, akafanya kazi za kubeba mizigo, mwishowe akaweka cherehani Yeoville, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Anashona mabuibui, suti za harusi za Wakongo, sare za shule. Kazi yake ni safi mpaka inaudhi. Ligeuze gauni alilolishona, huoni hata uzi mmoja unaoning'inia. Kila mshono umekunjwa, umefichwa, umepigwa pasi. Siku moja nilimuuliza, "Fundi, huko ndani nani ataona?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mungu na dobi." Ndivyo alivyo. Kitu kisicho kizuri lazima akipatie pindo akifiche.

Tabia alikuwa kinyume chake. Mwanamke mnene, mcheshi, mdomo wazi, anapika huku akiimba na akila. Alikaanga bagia akaziuza msikitini kila Ramadhani, lakini wallahi nusu tulizila mimi na yeye jikoni. Saratani ya tumbo ilipomjia, kwanza ilimchukua huo mwili, halafu ikamchukua hamu. Zile dawa za dripu alizopewa hospitali zilimtapisha hata maji. Nilikuwa namsuka nywele kabla hazijakatika, nikahisi fuvu la kichwa chake liko juu juu chini ya vidole vyangu. Nikajifanya nimeishiwa nyuzi, nikatoka kwenda kulia uani.

Aliyeleta habari ya bangi alikuwa Alexis, fundi viatu, Mkongo wa Bukavu anayekaa chumba cha mbele. Alimpikia Tabia chai ya majani yake mwenyewe, akaifanya nyepesi, na maziwa mengi. Jioni ile Tabia akakaa kitandani, akaniita, "Zabibu! Kuna nini jikoni kwako?" Nilikuwa na ugali na dagaa. Akala. Akala sahani nzima, akalamba vidole, na Bakiri amesimama mlangoni na futi yake shingoni anamtazama. Sijapata kumwona mwanamume akimtazama mtu akila namna ile.

Basi akiba ya Alexis ikaisha. Bakiri akanunua ya mtaani, kwa vijana wa pale kwenye robot, taa za barabarani. Wamechanganya nini humo wanajua wenyewe, maana Tabia alishikwa na kizunguzungu akatapika mpaka nyongo. Akaapa hanywi tena kitu ambacho hajui mkono uliokipanda. Na siku ile ndipo alipomwambia mumewe neno ambalo mpaka leo naliwaza. Alisema, "Mimi sikuombi kupona, Bakiri. Nimeshaelewa. Mimi nataka kula."

Alexis akaleta mche kwenye kopo la rangi. Ulikuwa wa aina fupi, ile isiyopita goti la mtu, inayotoa maua yenyewe haraka bila kungoja majira. Bakiri aliuliza kwanza habari ya sheria, akaambiwa siku hizi mtu mzima anaruhusiwa kupanda yake nyumbani, mradi isionekane barabarani. Ukuta wetu ni mrefu. Polisi hawakuwa tatizo.

"Sikiliza, ndugu," Alexis akamwambia. "Kwetu Bukavu mvua iko kila siku, na baridi, na hii inaota. Mvua ikikuja, ingiza ku chini ya bati. Mvua ikiisha, rudisha inje, tikisa maji yatoke. Upepo, ndugu! Baridi haitaiua. Kukosa upepo ndiko kutaiua."

Tabia akaupa jina Kibushuti, kwa ufupi wake. Kitanda chake kilisogezwa dirishani ili auone. Bakiri aliuhamishia kwenye ndoo, akauweka pembeni ya bomba la uani, maana jua letu linafika hapo tu. Asubuhi kabla ya kazi aliupima kwa futi kama mteja, na Tabia akipiga kelele kutoka ndani, "Kiuno ngapi leo?" Kilikuwa kimmea kizuri, kinene, majani yamebanana, na maua yakaanza kujifunga juu, na vinyweleo vyeupe. Alexis akasema vinyweleo vikigeuka kahawia kazi imekwisha. Tukangoja kahawia.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa cha jina tu. Mawingu yalitulalia, baridi ya Januari ikatuvalisha masweta, mvua ya mawe ikatoboa bati la jiko, kisha likaja lile linyunyu lisiloondoka. Lakini Bakiri alihangaika. Aliuingiza, akautoa, akautikisa. Alirudi mbio kutoka Yeoville kwa miguu kila wingu lilipokuwa jeusi, na wateja wakamnunia. Mpaka hapo sina la kumlaumu.

Kisha wageni wakaanza kuja.

Mnajua sisi wa pwani na mgonjwa. Habari zilipofika msikitini kwamba mke wa Bakiri amezidiwa, wanawake wakaja kumtazama, leo hawa, kesho wale, na kiongozi wao Bi Saida, Mzanzibari, mwalimu wetu wa madrasa, mama wa heshima anayeweza kukunyoosha kwa kukutazama tu. Wanamsomea Yasini, wanamwombea dua. Na kabla ya yote hayo wanatia udhu. Wanatia wapi? Bombani. Penye ndoo.

Siku ya kwanza Bakiri alitupia kanga juu ya mmea. Upepo ukaipeperusha. Siku ya pili akaja na kitu kutoka dukani kwake, kitambaa cheusi kizito, amekikata kwa kipimo, amekishona, kina mabega, kina kamba ya kufunga chini kwenye shingo ya ndoo. Pindo limekunjwa mara mbili. Hata mahali pa ncha ameweka kikofia. Tabia alipouona kutoka dirishani alicheka mpaka nikaogopa atakatika pumzi. "Jamani! Kibushuti ameolewa!" Nami nikacheka, nisiwe mwongo.

Nikamwambia, "Fundi, wageni wakiondoka utauvua?"

"Nitauvua."

Lakini wageni hawakuondoka. Akitoka huyu na uji wake anaingia yule na maandazi. Bakiri alikuwa mkaribishaji mzuri, anasimama mlangoni, anapokea salamu, anaagiza soda spaza, kiduka cha jirani. Mvua inanyesha, naye hataki kuubeba kuuingiza mbele ya wageni, nguo imelowa, imeshikamana na mmea. Linyunyu likikatika, wengine wanabisha hodi. Usiku haivui, anasema hakuna jua. Kesho yake Ijumaa, wamejaa tena. Nilimsemesha mara ya kwanza kwa adabu, ya pili kwa ukali. "We Bakiri, unakumbuka alivyosema Alexis?" Akanijibu kwa ile sauti yake ya chini, "Zabibu, yule ni mke wangu. Sitaki watu watoke hapa waseme kwa Tabia wa Bakiri kunavutwa bangi. Amebaki na nini huyu zaidi ya jina lake?"

Tabia mwenyewe akamwita. Nilikuwepo, namkanda miguu. Akamwambia, "Bi Saida ananiambia leo, 'Mwanangu, huo mmea wenu pale bombani mmeuvika kitambaa kizito hivyo, hautaoza?' Wanajua, Bakiri. Wote wanajua. Mmea unanuka mpaka getini."

Bakiri akasema, "Kunusa si kuona."

"Heshima yako hiyo itanilisha?"

"Si yangu. Ni yako."

"Basi kama ni yangu, mimi nakupa ruhusa. Nenda ukaifungue."

Akasema ataifungua wageni wakipungua. Eish! Nilitamani nimpige na lile bakuli la mafuta. Ningekwenda kuifungua mwenyewe, lakini mtu na mkewe, na siri yao, na uani kumejaa mabuibui. Mimi ni nani? Nikakanda miguu. Ilikuwa baridi na imekauka kama fimbo za mwavuli.

Alexis alikuwa safarini Durban kununua ngozi. Aliporudi, Jumapili mchana, alikwenda bombani kunawa mikono, akaiona ile nguo. Hakusalimia mtu. Akafungua kamba, akavua. Kwa nje mmea ulikuwa wa kupendeza bado, maua manene, na vinyweleo, hebu fikiria, vimegeuka kahawia. Bakiri akatabasamu. Alexis akashika ua la juu kwa vidole viwili, akalipasua katikati.

Ndani lilikuwa kijivu. Limelainika kama mkate uliodondoka kwenye maji, na vumbi la kuvu likapanda hewani. Akapasua la pili. Akapasua la tatu. Yote.

"Nikate nje nimchemshie?" Bakiri akauliza. "Hii ya pembeni bado kijani."

"Hapana, ndugu. Mutu mugonjwa vile, hii kuvu itamuingia mu mapafu. Itamuua mbele ya ugonjwa." Kisha akaiinua ile nguo, inachuruzika maji, akaigeuza ndani nje akaitazama mishono. Akasema polepole, "Umeshona muzuri."

Bakiri akakaa chini palepale kwenye saruji iliyolowa, mtu mzima, na suruali yake ya Ijumaa. Nilikuwa nimejiandaa kumpa maneno yake. Nikayaacha.

Tabia aliona yote dirishani. Alitaka kucheka, nilimwona anajaribu. "Kibushuti wangu," akasema, "amekufa na stara yake." Kisha sura ikambadilika, akawa kama mtoto aliyenyimwa, akauliza, "Sasa nitakula nini?"

Alexis alileta mche mwingine wiki ileile. Bakiri akaupanda kwenye ndoo ileile baada ya kuisugua kwa maji moto, akauweka bombani, wazi. Nguo nyeusi aliifumua mshono mmoja mmoja kwa wembe, akatupa. Wageni walikuja, hakufunika. Lakini mche ni mche. Ulikuwa na majani machache tu, na mwenzangu hakuwa na muda wa kungoja maua. Mwishoni alikuwa akiniomba nimsimulie ninachopika. Nisimpe, nimsimulie tu. Nikawa napika kwa mdomo: natwanga kitunguu saumu, natia nazi, samaki amegeuka rangi. Anafumba macho. Anameza mate.

Alifariki asubuhi, mvua inanyesha. Daktari alikuwa amesema toka mwanzo kwamba atakwenda, kwa hiyo msinielewe vibaya, sisemi Bakiri alimuua. Nasema alikwenda na njaa. Hilo ndilo linaloniuma, na nitalisema popote.

Sanda aliikata Bakiri mwenyewe. Watu walimwambia, fundi, mwachie mwingine. Akakataa. Akaitandika juu ya meza yake ya kukatia, akapima, akakata, akachana vitambaa vya kufungia kwa mkono. Sanda haishonwi. Nilimwona akiishika ile ncha iliyochanika, nyuzi zimetoka, kidole chake kinaikunja kwa mazoea, kisha anaiachia.

Tulimwosha mimi na Bi Saida na wengine. Tulipomaliza kumvisha, ukabaki uso tu, tukamwita mumewe amuage. Akaingia, akapiga magoti. Hakulia. Alimtazama muda mrefu, mpaka Bi Saida akamgusa kwa upole, "Fundi, tumfunike sasa. Wanaume wanangoja na jeneza."

"Bado, Bi Saida," akasema. "Kidogo tu. Apate upepo."

Bi Saida akarudisha mkono. Chumba kilikuwa kimejaa udi na joto la watu. Bakiri akasema tena, hakuwa akisema nasi, "Nilifunika sana."

Nikaenda kufungua dirisha. Uani wanawake walikuwa wamepanga mstari bombani wanatia udhu, na katikati yao umesimama ule mche mchanga, peupe, hauna hata leso. Hakuna aliyeukodolea macho. Mmoja tu, sikumtambua kwa mtandio, aliinama akaisogeza ndoo kando kidogo, maji ya miguu yake yasiurukie.