Mwanangu ana miaka kumi, karatasi zinasema kumi na tatu

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, Mrundi, naishi Bredäng, Stockholm. Jina langu lisitoke, maana hapa tunajuana na tunasali pamoja, na wifi yangu yumo humu kwenye kundi anasoma kila kinachowekwa. Na asome. Shule niliishia darasa la nne. Kazi yangu ni kufua na kukunja mashuka ya hospitali kiwandani, nasimama tangu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mume aliniacha miaka mitatu iliyopita. Nina mtoto mmoja, wa kike.

Akitoka darasani anakaa fritids, ndiyo malezi ya watoto baada ya masomo. Serikali inabeba gharama kubwa, mimi nalipa sehemu ndogo, nikitoka kazini nampitia. Mwezi uliopita ikaja barua: nafasi yake inaisha shule zikifungwa mwezi wa sita, kwa sababu ametimiza miaka kumi na tatu. Nikaenda kuomba waniongezee. Yule mama wa ofisini akatabasamu, "Kumi na tatu ni msichana mkubwa. Atafurahi kushika ufunguo wake mwenyewe."

Mwanangu hajafika hata kumi na moja. Juzi tu daktari wa meno alishangaa kumkuta bado ana magego ya utotoni, nami nikajifanya sielewi Kiswidi.

Kambini, upande wa Tanzania, nilizaa binti wa kwanza, akafa kwa malaria akiwa na mwaka na miezi miwili. Alikuwa ameandikwa kwenye kadi ya chakula. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alinishika mkono tukitoka kuzika akaninong'oneza, "Usiripoti. Watakata mgao." Nikanyamaza. Alipozaliwa huyu wa pili, wifi huyo huyo akasema, "Ya nini kumwandikisha upya? Nafasi ipo." Mume akakubali, na mimi nikakubali. Mtoto akaingia kwenye jina la dada yake na tarehe ya dada yake. Tulipohojiwa kabla ya kuletwa huku, wifi aliapa kwamba alikuwepo siku mtoto anazaliwa. Alikuwepo kweli, lakini si siku iliyoandikwa.

Tulifika hapa mtoto ana miaka mitano, karatasi saba na nusu. Wakamweka na wakubwa. Mwalimu akasema yuko nyuma, labda ni mambo ya vita. Nikaitikia, labda vita. Mtoto mwenyewe hajui lolote. Hajui hata kwamba alikuwa na dada.

Sasa tangu barua ije amevimba kichwa, anajiona mtu mzima. Wiki iliyopita nilimfuata fritids nikaambiwa ameondoka na wenzake wa darasani. Nilimkuta Skärholmen, ndani ya yale maduka, na wasichana watatu wenye rangi za midomo. Kijana mwenye ndevu alikuwa amemwekea mkono begani, na mwanangu ameshika simu mpya ya kugusa kioo ambayo mimi sikununua. Nikamvuta, nikampigia kelele yule kijana, "Mwache! Huyu ana miaka kumi!" Wasichana wakaangua kicheko. Mwanangu akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida ya watoto wa huku, kwamba nimwache, nisimwaibishe, yeye ana kumi na tatu. Yule kijana akanitazama, "Umesikia mwenyewe, mama." Ningemwonyesha nini? Karatasi zote ziko upande wake.

Siku ya pili nikaenda Spånga kwa wifi. Yeye hana kazi, yuko nyumbani mchana kutwa. Nilimwomba akae na mtoto jioni, hadi nipate njia.

"Mimi si fritids yako."

"Basi twende ofisini wifi, tuseme ukweli."

Akaacha kukoroga uji. "Tuseme sisi na nani? Mgao wa marehemu ulikula wewe, leo unataka kututapikia sisi? Mimi niliapa. Wakifungua faili langu, hawa watoto wangu wanne utawalea wewe?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Na wewe masikio ulikuwa umeazima? Ulimlilia mwanao siku mbili, ya tatu ulikuwa kwenye foleni ya unga!"

Nilimwambia neno ambalo siliandiki hapa, nikatoka. Sasa ameeneza kanisani kwamba nataka kuwauza watu kwa polisi. Jumapili wanawake wanahama benchi nikikaa. Mwanamke huyu simsamehe, na mchungaji asinitumie ujumbe wa kunipatanisha naye.

Msimamizi kiwandani amesema saa zangu hazipunguzwi. Nisipoweza, wapo wanaosubiri. Mtu wa kumlipa amlee ni bei kamili, hiyo sina. Shule zinafungwa baada ya wiki mbili. Nikienda ofisini, sijui watamrudishia mtoto umri wake tu, au watatunyang'anya vibali sote. Nikinyamaza, yule kijana wa Skärholmen yupo, na ile simu aliyompa nilimrudishia, lakini ameshampa nyingine.

Najua mtanitukana, na mnayo haki. Lakini mtoto kila nikirudi ananiuliza, "Mama, kwa nini ulisema kumi?" Jana nimemdanganya kwamba nilichanganyikiwa kwa hasira. Hakuamini, naona anahesabu. Mliopita kambini mnanielewa. Nianze na serikali, au nianze na yeye? Na kama ni yeye, ninyi mliowahi kumkalisha mtoto chini na jambo kama hili, mlianza na neno gani?