Mgomba wa Kitovu Changu

Nikipita sokoni Nyamityobora, harufu ya ndizi mbivu hunirudisha katika ofisi moja hapa Mbarara, nikiwa nimeshika kitenge cha mama.

Tulikuwa wakimbizi. Siku hiyo mama alitoka nami kambini Nakivale na mkungu wa ndizi kichwani, akautua mbele ya afisa na kuniombea uraia.

“Shefu, huyu mutoto nilimuzalia hapa Uganda. Kitovu yake tulizika chini ya mugomba yenye ilizaa hizi ndizi. Angalia vile zimenona!”

Afisa alicheka, lakini si kwa ubaya. “Mama, ndizi yako ni muzuri sana. Sasa baba yake na babu yake nazaliwa wapi?”

“Kongo.”

“Basi hata yeye ni mutu ya Kongo. Sheria nasema hivyo. Beba ndizi yako, mama. Pole.”

Tulikaa kando ya barabara kungoja gari la kurudi kambini. Sikuwahi kuiona Kongo.

“Mama,” nikauliza, “kule Kongo niko na mugomba?”

Alinimenyea ndizi, kisha akanipa ya pili kabla sijamaliza ya kwanza.