Ngoma za Makopo Siku Mwanangu Alipotimiza Miaka Miwili

Sauti ya kwanza iliyonishtua ilikuwa ya mwiko na sufuria. Mama alikuwa amesimama uani, sufuria tupu mkono wa kushoto na mwiko mkono wa kulia, akiwafukuza kuku waliovamia mpunga alioanika. Aligonga mara moja tu, kwa nguvu za mtu aliyeulima mpunga ule mwenyewe. Kuku walitawanyika. Mimi nilijimwagia chai magotini. Binti yangu alikuwa amechuchumaa karibu kabisa na bibi yake, amempa mgongo, akiokota punje na kuzipanga juu ya jani. Bega lake halikucheza.

"Mama, umeona? Hakushtuka."

"Ashtuke nini? Kila siku nafukuza kuku hapa. Kashazoea." Akaniangalia magoti. "Wewe ndiye uliyekaa mjini ukasahau kelele za kwenu."

Maelezo yake yalikuwa na mantiki. Niliyarudia kichwani siku nzima, nikiyapima upande huu na upande ule kama nilivyozoeshwa kupima kila jambo. Nilikuwa katikati ya masomo ya uzamili wa elimu ya mimea huko Dar es Salaam, na nilikuwa nimerudi Mpanda kukusanya sampuli za miti ya miombo. Mtoto aliishi na mama yangu, katika nyumba ya pembeni mwa mtaa wa Kashaulili, tangu alipoachishwa ziwa. Baba yake alikuwa karani katika ofisi moja Tabora. Yapo mambo mawili ambayo msomaji anapaswa kuyajua mapema: mtoto alikuwa ameugua homa kali kabla hajaanza kutembea, akapona, na alikuwa anakaribia miaka miwili bila kutamka neno.

Mama alisema nami nilichelewa kusema, kisha nikasema mno. Wanawake wa jirani walikubaliana naye. Mume wangu, kwa barua, alikubaliana naye.

Mwaka ule sikuwa mtu wa kujiamini. Muda mfupi kabla ya safari nilikuwa nimetangaza mbele ya walimu wangu matokeo ambayo, yalipochunguzwa upya, yaliporomoka yote. Tangu hapo sikuliamini jicho langu hata lilipotazama jani. Kwa hiyo nilipomwambia mama wasiwasi wangu waziwazi, naye akanipa hoja moja iliyo imara, nilikuwa tayari kushindwa.

"Mtoto asiyesikia," alisema, "anakujaje kinuni?"

Hoja hiyo ilikuwa ngumu kweli. Kila jioni jirani yetu alikuja na mchi wake, na yeye na mama wakatwanga mpunga katika kinu kimoja kwa kupokezana, mmoja akishusha wakati mwingine anainua, bila michi kugongana. Mtoto angeweza kuwa nyuma ya nyumba, hawaoni wala hawamwoni. Mapigo yakianza tu, aliacha alichokuwa anakifanya akaja pekupeku, akasimama karibu na kinu huku akitikisa kiuno. Nilimshuhudia kwa macho yangu jioni ile ile. Mama alinitazama juu ya mchi wake, akacheka.

"Haya, msomi. Mke mwenzangu huyu anasikia kuliko wewe."

Nilipumua. Lakini sufuria haikunitoka akilini. Ukweli wa namna mbili ulikuwa umekaa uani kwetu na haukupatana: mtoto hakusikia sufuria iliyogongwa karibu na kisogo chake, na alisikia kinu kilichokuwa upande wa pili wa nyumba. Asubuhi moja nilikwenda posta kumpigia simu mume wangu. Nilipokaribia dirisha la opereta nilijiuliza, atakaponiuliza kama nina hakika, nitamjibu nini, nikageuka nikarudi nyumbani. Nilifanya hivyo tena baadaye, na safari hiyo sikufika hata dirishani.

Ndipo nilipoamua kwamba mtoto atafanyiwa sherehe ya kuzaliwa.

"Siku ya kuzaliwa?" Mama aliacha kupeta. "Si ana siku ya somo wake? Tukienda misa, tukampikia wali, haitoshi?"

"Itakuwa ya watoto, Mama. Watatengeneza vitu kwa mikono yao, wacheze, wale."

"Na hao watoto wa watu wakiona mmoja anashangiliwa kwa kuzaliwa, watadhani wao waliokotwa."

Hata hivyo alinipa ungo, kisu na ruhusa, kwa mpangilio huo.

Nilikusudia shughuli mbili katika moja. Watoto wafurahi, hilo la kwanza, na sikutaka lipungue. Mtoto ana haki ya sherehe yake. La pili, kila kitakachotengenezwa kitoe sauti, na sauti hizo ziwe za aina mbalimbali, ili nami nipate kusimama kando na kuangalia. Watoto waliotarajiwa walikuwa wa kila umri, kuanzia wanaotambaa hadi wanaokaribia kumaliza shule ya msingi, na nilitumia muda mrefu kupita kiasi kufikiria nani apewe nini. Kanuni ya kwanza ilikuwa kwamba mdogo asishike chochote kinachoenea mdomoni. Kanuni ya pili, kisu na nyundo vibaki kwa wakubwa. Kanuni ya tatu, kila mkubwa atengeneze kitu chake na kingine cha mdogo mmoja, maana mtoto mkubwa akikaa bure kwenye sherehe ya mdogo huanza kuiharibu.

Nilichota udongo wa mfinyanzi bondeni nikaulowesha. Niliomba makopo matupu ya maziwa madukani, nikazipondaponda kingo zake kwa jiwe mpaka zikalala, zisimkate mtu. Fundi baiskeli alinipa mipira ya ndani iliyochakaa. Mabua niliyapata shambani, na vikonyo vya majani ya mpapai nilivikata uani kwetu.

Watoto walikuja wengi kuliko nilivyowaalika. Mpango wangu wa umri ulivunjika kabla sijamaliza kuueleza. Wale wa miaka mitatu na minne, niliowawekea udongo wafinyange ng'ombe, walitaka makopo. Wakubwa, niliowawekea makopo, walipouona udongo wakaacha kila kitu.

"Nyie wadogo, huyo ng'ombe gani? Ana miguu mitatu!"

"Mmoja kaukunja."

"Kaukunja wapi? Nionyesheni huo mguu!"

Nilijaribu kuwarudisha kwenye nafasi zao, nikashindwa, nikaacha. Ajabu ni kwamba kazi ilikwenda vizuri zaidi. Msichana wa jirani, ambaye mdomo wake haukupumzika tangu alipofika, alijitwalia kazi ya kukaza mpira juu ya kopo, akawa anamwamuru mdogo wake ashike hapa, avute pale, huku akimwita mzee. Wengine walitia punje za mahindi ndani ya makopo, wakaziba midomo kwa kitambaa na kufunga kwa kamba, yakawa kayamba. Wavulana wawili waligombania mabua ya kuundia magari, kisha wakaunda lori moja refu wakiwa wameshirikiana bila kukubaliana. Vikonyo vya mpapai vilitoa mlio mzito kama wa ng'ombe mwenye mafua, na kila aliyepuliza alichekwa.

Mwanangu alikaa katikati yao, udongo hadi viwikoni, amefurahi. Nilitaka kusahau nililokusudia.

Kisha ngoma zikawa tayari. Wakubwa waliziweka chini, kwenye ardhi ngumu ya ua, wakaketi wakazipiga kwa vijiti, zote kwa pamoja. Mwanangu alikuwa amewapa mgongo. Akageuka. Akanyanyuka, akawaendea akitikisa kiuno, na ua mzima ukapiga makofi.

"Umeona?" mama alipaza sauti kutoka jikoni. "Umeona, msomi? Mwambie na mumeo!"

Nilikaa chini. Nakumbuka nilicheka peke yangu kwa faraja. Ningeliacha jambo lile pale, nadhani, ningelifunga kabisa, kama watoto wangetosheka na kukaa.

Lakini mtoto hawezi kuwa na ngoma asiandamane nayo. Walikata vipande vya mpira, wakazitundika ngoma shingoni, wakaanza kuuzunguka ua kwa mstari, kayamba nyuma, tarumbeta za mpapai mwisho. Kelele zilikuwa kubwa mara mbili ya zile za mwanzo. Mwanangu alikuwa amerudi kwenye udongo wake. Mstari ulipita nyuma yake, ukasimama, ukampigia mwenye sherehe kwa heshima.

Hakugeuka.

"Ee! Mwenye sherehe anaringa!" alisema msichana wa jirani. "Tunampigia, yeye hatutazami!"

"Hebu wekeni ngoma chini," nilisema. "Hapo hapo mlipo. Pigeni."

Waliziweka, wakapiga. Mwanangu aligeuka akatabasamu.

"Sasa zitundikeni tena. Msubirini arudi kwenye udongo wake. Pigeni."

Hakugeuka.

Watoto walidhani ni mchezo, na wakaupenda. Walianza kuuendesha wenyewe, wakipiga kelele: "Inua! Weka! Inua! Weka!" wakivunjika mbavu, kwa kuwa kila ngoma zilipowekwa chini aligeuka, na kila zilipoinuliwa alikuwa kama hayupo. "Anachagua huyu! Anataka ya chini tu!" Nilizitazama nyayo zake ndogo, tupu, zimekanyaga ardhi ile ile iliyobeba ngoma, na nikaelewa. Kwa mara ya kwanza mwaka ule nilielewa jambo bila kulitilia shaka.

Mama alikuwa ametoka jikoni. Aliuona mchezo wote. Alikwenda moja kwa moja kwenye kinu, akatia mpunga, akashika mchi.

"Ngoma za makopo ni upuuzi," alisema. "Njoo nikuonyeshe."

Akatwanga. Mtoto aliacha udongo akaja. Mama alinitazama, lakini hakucheka. Nilimrudisha mtoto mahali pake, nikaleta magunia mawili ya pumba kutoka ghalani na kuyalaza chini, kisha nikamwomba mama anisaidie kukiinua kinu tukiweke juu yake. Alinisaidia. Nilijua alichokuwa anakitumaini, maana nami nilikuwa nakitumaini.

Akatwanga tena. Kinu kiliyumba juu ya magunia, mama akakibana kwa goti, akazidi kutwanga, haraka haraka, kwa nguvu ambazo mpunga haukuzihitaji. Mlio ulisikika vizuri. Jirani alichungulia kwenye uzio kuuliza kama zamu yake imefika. Mtoto alifinyanga udongo wake. Mama alisimamisha mchi hewani, akakaa hivyo, kisha akauegemeza ukutani taratibu kana kwamba kuna mtu amelala.

Alikwenda akamchukua mjukuu wake, udongo wote ukampaka kifuani.

"Mke mwenzangu," alimwambia, huku amemtazama usoni. "Siku zote ulikuwa unaitika kwa miguu."

Nilidhani angelia, nami nilikuwa karibu. Badala yake alinigeukia kwa ukali. "Watoto wa watu hawajala. Unangoja nini? Pakua!"

Tukapakua. Walikula wali na maharage, wakaimba, wakagawana ng'ombe wa udongo. Niliwaambia wakubwa kwamba tangu leo, wakimtaka mwenzao huyu, wasimwite kwa mbali. Wakanyage chini kwa kishindo, au waende mbele yake wamwonyeshe. Msichana wa jirani aliuliza kwa nini. Nikajibu kwamba hasikii. Alifikiri kidogo.

"Basi ngoma yake aifunge tumboni," akasema, na akaenda kumfunga.

Kulipokucha tulikwenda posta. Safari hii sikujiuliza nitajibu nini. Mama alikaa mlangoni na mtoto mgongoni na kikapu miguuni. Mimi nilitaja namba ya ofisi ya Tabora dirishani, nikangoja opereta aunganishe. Simu ilikwaruza, ikapotea, ikarudi na sauti ya mume wangu.

"Kuna nini? Mtoto mzima?"

"Mzima. Hasikii."

Laini ilikwaruza tena.

"Lakini si mama amesema anakuja kinuni..."

"Anakuja kwa mtikisiko wa ardhi. Tumeweka kinu juu ya magunia ya pumba, hakuja. Tumeinua ngoma, hakugeuka. Sikisii. Nimeona, na Mama ameona."

"Labda tungoje mvua ziishe. Ukimaliza sampuli zako..."

"Sampuli zitangoja. Miaka yake ya kujifunza kusema haitangoja. Nataka uende hospitali leo, uulize ni daktari yupi anayetazama masikio na anapokea wagonjwa siku gani. Kama hayupo hapo, uulize yuko mji gani. Tunapanda treni ijayo."

Nilisikia mashine ya chapa ikigonga huko kwake, na mtu akicheka mbali.

"Una hakika?" akauliza.

"Ninayo."

"Na mama je? Atakuruhusu umwondoe mtoto?"

Nikageuka mlangoni. Mama alikuwa anakaza kamba ya kikapu.

"Mama anakuja nasi," nilisema. "Ameshafungasha mchele wa njiani. Njoo stesheni utupokee."