Penseli Shingoni mwa Gita

Tarehe tisa mwezi wa pili, saa nne asubuhi, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa mpakuzi wa magunia katika ghala moja la Shimanzi. Presha ilimpanda akiwa kazini, na hakusema tena. Tulimzika kwao Rabai. Niliporudi nyumbani Tononoka nikakuta gita lake limeegemea kabati.

Kila jioni alipotoka kazini alikaa kitini na vumbi lake, akapiga wimbo mmoja aliouzua mwenyewe, usio na maneno. Nilikuwa nikimkaripia. "Kaoge kwanza! Utanichafulia kiti."

"Wimbo huu una vumbi, mama. Nikioga utatoka."

Sitadanganya, sikuupenda sana. Niliusikia kama mtu anavyosikia jirani akitwanga. Lakini baada ya matanga nilianza kuuvumisha puani nikikanda mahamri, na wiki ya tatu nikakuta kipande cha katikati kinanikimbia. Hatukuwahi kuurekodi hata kwenye simu. Nikaogopa.

Rafiki yake aliyekuwa akipiga naye ni fundi wa kanzu, ana kiduka katika kichochoro cha Ndia Kuu. Nilimpelekea gita nikamwomba aupige.

"Shemeji, mimi naujua mpigo wa chini tu," alisema. "Yeye akipanda juu, mimi nikimshikia. Wa juu alikuwa nao mwenyewe." Akanitazama. "Na wewe. Umeusikia miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Basi keti. Utautoa wewe."

Mume wangu alipiga kwa vidole viwili tu. Dole gumba hupiga nyuzi nene kwa zamu, huu na ule, huu na ule, bila kusita. Kidole cha shahada huokota nyuzi nyembamba katikati ya hatua hizo. Ni hayo tu, na yalinishinda.

Mkono wa kushoto, unaobana nyuzi, haukunisumbua. Fundi alikagua ncha za vidole vyangu. "Wote hulia hapa. Wewe vyako vya chuma?"

"Vya karai la mahamri," nikamjibu.

Tatizo lilikuwa dole gumba. Kila kidole kilipookota, dole nalo lilisimama kama linalotazama ajali. Siku ya nne fundi alichoka, akanikalisha kwenye cherehani isiyo na uzi.

"Kanyaga, usisimame. Haya, nieleze umepika nini jana."

Nikakanyaga huku nikieleza mbaazi za nazi, na kila nilipofika kwenye chumvi mguu ukapotea.

"Waona? Mguu ndio dole gumba, mdomo ndio kidole. Mdomo useme utakavyo, mguu hauna habari."

Mteja mmoja akachungulia mlangoni. "Fundi, umeajiri?"

"Nimeajiri. Ila huyu hashoni, apika!"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu Rabai, kisha nikaona haya.

Baada ya wiki kadhaa dole lilizoea. Nikaanza kuutafuta wimbo, uzi mmoja mmoja, lakini ulitoka mzito na wa usingizi, kama sauti ya mwanamume mwingine.

"Penseli yake iko wapi?" fundi akauliza.

Mume wangu alikuwa akifunga penseli kwa kipande cha mpira wa baiskeli, ikabana nyuzi zote shingoni mwa gita, ili sauti ipande. Ni mimi niliyeifungua, siku ya msiba, niandike vitu vya kununua: mchele, sukari, majani ya chai. Ikapotelea jikoni, mpira na vyote. Nilimwambia hivyo hivyo.

Hakunilaumu. "Ilikuwa kwenye kichuma cha ngapi, katika hivi vilivyokata shingo?"

"Sikuangalia. Nilitaka kuandika."

"Wala mimi. Nilikuwa natazama nyuzi zangu."

Akafunga penseli ya kuchoria vitambaa hapa, akaihamisha pale. Kila mahali nilisema ndipo, kisha nikasema sipo. Mwisho nilikuwa sijui tena. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba nimemfuta kwa mkono wangu.

Jumamosi iliyofuata, kabla ya kwenda, nilichukua kitambaa nilifute gita, maana sikuwa nimeligusa kwa maji tangu afe. Nikaligeuza. Nyuma ya shingo mbao ilikuwa nyeusi kwa jasho lake na vumbi la magunia, isipokuwa mahali pamoja: mkanda mweupe, upana wa kidole, pale mpira ulipokuwa ukizunguka. Niliweka kitambaa chini.

Nililibeba hivyo hivyo, chafu, hadi kwa fundi. Akafunga penseli sawasawa na ule mkanda, akanirudishia, naye akatungua gita lake nyuma ya kanzu zilizoning'inia.

Nikaanza. Dole likaenda, kidole kikaokota, na sauti ikawa yake. Tulipofika katikati, kwenye kile kipande, dole langu likasimama. Fundi hakusimama. Aliendelea na wa chini, akauzungusha tena na tena, akinitazama, na mzunguko wa tatu nikaingia.