Turubai Juu ya Sola

Mkuu wetu wa shule alikuwa bahili wa jua. Sina neno lingine la kumwita. Shule yetu ya kata, huku juu Ufipa, ilipofungiwa paneli za sola na betri mbili, haikupita wiki akatangaza kikaoni kwamba mali ya serikali inatunzwa. Akaagiza turubai la kuanikia mahindi ya shule litandazwe juu ya paneli, jua lisije likazichakaza. Taa zingewashwa siku ya wageni tu.

Walimu wazima, wenye vyeti, tukaitikia sawa mkuu. Aliyepanda ngazi kufunga kamba ni mimi, mwalimu wa fizikia. Nilijua vizuri kwamba betri isiyochajiwa inakufa, na bado nilikaza fundo, kwa sababu nilikuwa nasubiri anipitishie barua ya uhamisho kwenda mjini. Nikijikumbuka pale juu ya bati najidharau kuliko ninavyomdharau yeye.

Kidato cha pili kulikuwa na binti wa kijiji cha Msanzi mwenye macho mabovu. Siku za jua hakuna aliyemshinda. Wingu likitanda, alisoma kwa kubahatisha. Novemba, asubuhi ya mtihani wa taifa wa hesabu, mvua ilikuja na upepo, madirisha ya mbao yakafungwa, darasa likawa giza. Nilimfuata mkuu. Akakubali kwa shingo upande, nikabonyeza swichi. Kimya. Betri zilikuwa zimekufa zamani, mpya kabisa, hazina hata mkwaruzo.

Binti aliandika pua ikigusa karatasi. Akafeli, akatakiwa kurudia darasa.

Januari baba yake alikuja, mkulima mwenye mvi, kofia mkononi. Akamwamkia mkuu shikamoo, mtu mdogo kwake kabisa, na mkuu akaipokea bila aibu. Mzee akauliza kwa upole kama ni kweli mwanawe alifanya mtihani gizani. Mkuu akamwonyesha balbu ya ofisini, isiyowaka, kioo chake kinavyong'aa kwa upya.

"Mzee wangu, shule hii ina umeme. Mtoto wako ni mvivu."

Mzee aliitazama balbu, kisha akanitazama mimi, maana binti alishamwambia kwamba mwalimu wa fizikia anajua kilichotokea. Nikatazama sakafu.

"Basi abaki nyumbani tulime," akasema, akatushukuru wote wawili.