Siku Sauti ya Mume Wangu Ilipokwenda Kwaya

Chekeni kwanza mmalize, ndipo nisimulie, maana mtu akinichekea katikati nitashindwa kufika mwisho, na aibu yenyewe bado mbichi: hadi leo nikipita njiani pale Lituhi kuna wanakwaya wanaoinamisha nyuso wakijifanya wanatafuta kitu mchangani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mume wangu Deo naye ni mwalimu, ila mimi nilipangiwa huku Ziwa Nyasa na yeye akapangiwa Kagera, kwenye ziwa jingine kabisa (tuna maziwa mawili na kitanda kimoja, na hicho kitanda nakilalia peke yangu). Uhamisho tumeomba mpaka tumechoka. Likizo iliyopita hakuja, nauli ilimshinda, na tangu hapo kwenye simu akawa mtu wa "nipo", "salama", "haya, usiku mwema". Nilikuwa na swali moja tu la kumuuliza, kama bado anataka kuja au niache kusubiri, na swali hilo sikutaka kuliuliza kwenye kisimu changu kilichopasuka kioo, ambacho kamera yake inaonyesha ukungu mtupu. Nilitaka niuone uso wake wakati anajibu. Ndipo nikaamua kununua laptopu. Watu niliwaambia ni ya kuandalia mitihani.

Mbinga mjini nilizunguka duka hadi duka, nikauliza bei mpaka wauzaji wakaanza kunikwepa. Mpya zilikuwa nzuri lakini ningelala njaa mpaka watu wauze kahawa, na mimi hata mche mmoja wa kahawa sina. Mwishowe nikapata ya mtumba, kioo kikubwa, kamera safi, bei nusu ya ile mpya, kasoro yake moja tu, spika za ndani zimekufa.

"Hiyo wala si kasoro, mwalimu," akasema muuzaji, kaka mmoja mpole. "Chukua hedifoni za waya, ni bei ya soda mbili, unachomeka, unasikia."

Pembeni kulikuwa na spika ndogo isiyo na waya, inawaka taa, bei yake mara kumi ya hizo hedifoni. Akili ilisema hedifoni, jamani, akili ilisema kabisa. Lakini nilitaka sauti ya Deo ijae chumba, niisikie huku nachambua usipa, vile vidagaa vya ziwa letu, kama vile amekaa kwenye kiti chake pale mlangoni ananisubiri niivishe. Nikasema nipe spika.

Muuzaji akaijaribu laptopu kwa spika ya maonyesho, ile ya kwenye rafu, ikaimba vizuri, akataka kunipa hiyo hiyo kwa punguzo. Nikakataa (mimi na maringo yangu), kitu kilichoshikwashikwa na kila mtu sitaki, nipe iliyo ndani ya boksi. Akanipa. Nikapanda gari hadi Kitai, nikapanda jingine la Lituhi, vumbi mpaka kwenye kope, laptopu nimeipakata kama mtoto mchanga.

Mwalimu mkuu wetu, Mzee Ndunguru, ndiye mwenyekiti wa kwaya, na aliponiona na boksi akaniuliza, "Mwalimu, hiyo umeipata wapi? Kwaya inatafuta spika ya kujifunzia nyimbo mpya." Nikamwelekeza duka kwa fahari zote. Akaenda, akachukua ile ya kwenye rafu yenye punguzo, maana yeye hana maringo.

Basi Jumamosi jioni ndiyo tuliyopanga na Deo. Chumba changu na ukumbi wa kanisa, kwaya inamofanyia mazoezi, vinatenganishwa na kichochoro tu. Nikavaa kitenge alichoninunulia, nikapaka mafuta, nikawasha spika yangu, laptopu ikaandika kwamba imeunganishwa. Haikusema imeunganishwa na ipi.

Deo akatokea kiooni. Alikuwa amekonda, na shati lile sikulijua, nikaumia kwamba mume wangu ana shati nisilolijua. Nikaogopa mtandao utakatika, nikauliza hapo hapo, "Deo, bado unataka kuja, au niache kusubiri?"

Akainama kidogo, kisha akaanza kusema. Midomo inacheza, sauti hakuna.

"Sikusikii, Deo. Paza sauti."

Nikapandisha sauti ya laptopu mpaka mwisho. Deo akasogeza simu karibu, sasa naona anasema kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo imemtoka, na mimi nasikia kimya, hata kwaya jirani imenyamaza (nikadhani wamepumzika). Nikamwambia rudia yote tangu mwanzo. Akarudia. Katikati akapangusa macho kwa kiganja. Nilimwona mume wangu analia, nami sijui analilia nini, na kumshika siwezi. Kisha bando likaisha.

Ujumbe ukaingia kwenye kisimu: "Nimesema mara mbili, walimu wenzangu wamejaa barazani wananicheka. Umesikia?"

Mwanamume aliyelia utamwambiaje arudie mara ya tatu? Nikamjibu, "Nimesikia, mume wangu."

Nikiwa nimekaa hivyo, mlango ukagongwa. "Kausipa, fungua."

Kausipa ni jina langu la chumbani, alinipa Deo siku ya kwanza aliponiona nakula usipa na vichwa vyake, na duniani hapa tulilijua sisi wawili tu. Nikafungua. Alikuwa Mama Agata, jirani yangu, mkubwa wa kina mama wa kwaya, mdomo ameuziba kwa kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Ile spika yetu imeongea."

Akaniambia Mzee Ndunguru alikuwa bado anatafuta wimbo kwenye simu yake, mara ikatoka sauti ya mwanamume anamwita Kausipa kangu. Wakadhani ni redio. Mzee akabonyeza azime, kumbe kitufe cha kuongeza. (Muuzaji alinieleza baadaye: laptopu hukimbilia spika iliyoizoea, na yangu ilikuwa imeizoea ile ya kwenye rafu.)

"Alisema nini, mama?"

"Wewe hukusikia?" Akaniangalia, kicheko kikamwisha. Akakaa kitandani. "Alisema jua likizama anafunga mlango mapema, asiwaone wenzake wanavyorudi kwa wake zao. Alisema anapika kwa kipimo cha watu wawili na anajua kabisa anakosea. Mwanangu, wanaume wote wa sauti ya besi walikuwa wameinama."

"Na habari ya kuja?"

"Hapo ndipo mzee akapata kitufe cha kuzima."

Jumatatu mwalimu mkuu hakuniangalia usoni, alikohoa tu, akasema siku ya kufunga shule sitapangiwa zamu. Nikanunua hedifoni za waya (bei ya soda mbili, kama nilivyoambiwa), nikaweka bando, nikampigia Deo, nikaungama yote, kwaya, besi, Kausipa, na kwamba sikuwa nimesikia hata neno. Akauliza moja tu.

"Walikuwa watu wangapi?"

"Kwaya nzima."

Akacheka. Kicheko hicho nilikuwa sijakisikia tangu mwaka juzi, na safari hii kilikuwa masikioni mwangu peke yangu.

"Basi rudia lile la mwisho," nikamwambia.

"Sirudii kwenye simu," akasema. "Nitalisema nikifika."

Sijui hata aliendelea na nini, nilibaki na hilo "nikifika". Vitu vya kuunganishwa hewani sinunui tena maishani, nataka waya, niushike kwa mkono nijue unaanzia wapi na unaishia wapi. Shule hazijafungwa bado. Kiti chake nimekifuta vumbi, na kila jioni nakifuta tena.